Hajira na Kibwana Ndani ya Mfuko Mmoja

Basi bwana, kuna mama mmoja pale Tangini, Kibaha, anaitwa Hajira. Fundi cherehani. Ukimuona barazani kwake, miwani imeshuka puani, pini tatu mdomoni, anashona sare za shule, huwezi kudhani hata kidogo kwamba huyu mama anarusha ndege. Ndege kabisa! Sio ya abiria lakini, ya rimoti. Haina injini, haina panga la kuzunguka. Unaenda nayo ukingoni mwa kilima, upepo unakuja unagonga kilima, unakosa pa kupita, unapanda juu, na ndege inapanda nao. Ndiyo hivyo tu. Upepo ukikata, imekwisha hiyo.

Mwenye ndege ni mume wake, Kibwana, fundi redio na tivii. Alijifunza mwenyewe kwenye simu, video baada ya video mpaka bando linakata, halafu akachonga bawa la kwanza kwa yale maboya meupe yanayokuja ndani ya boksi la friji. Ndege ya kwanza ilikaa hewani sekunde nne. Ya pili sita. Ya saba ndiyo ikakaa mpaka shingo zikawauma. Kazi waligawana bila hata kikao: Kibwana rimoti, Hajira kurusha. Anainyanyua juu ya kichwa, anasubiri shavu limwambie upepo umetulia, anaisukuma. Kibwana alikuwa anawatambia wenzake, "Nyie mnatupa kama mnafukuza kuku. Mke wangu haitupi, anaiaga."

Mwaka jana mwezi wa kumi, Kibwana akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukalala. Maneno yakawa machache, yanatoka kwa foleni. Akawa anashinda kitandani anaangalia ukuta, ndege iko juu ya kabati. Hajira alijaribu kila kitu, yaani kila kitu: mazoezi, kumkanda, mpira laini wa kuminya, mpaka mechi alikuwa anamuwekea. Huyu ni mtu ambaye zamani timu yake ikifunga, mtaa mzima unajua. Sasa timu inafungwa tatu na yeye anageukia upande wa pili. Hapo ndipo Hajira akaanza kuogopa kweli. Mkono, sawa, mkono. Lakini mwenyewe anaenda wapi?

Halafu juzi hapa, mwezi wa saba, Kibwana akasema, "Calist... aje. Achukue ndege."

Calist ni seremala, anakaa Mbwawa, mwenzao wa kilimani miaka yote.

"Achukue apeleke wapi?" Hajira akauliza.

"Iwe yake. Mimi basi."

Hajira akatoa pini mdomoni moja moja. "Baba Zuwena, Jumamosi twende mara moja. Ikishindikana, nitampa mimi mwenyewe kwa mikono yangu."

Kibwana akaitazama ndege pale juu ya kabati, akasema, "Mara moja."

Haya, kazi ikaanza. Calist akaja akaibadilisha rimoti: yote yaliyokuwa yanafanywa na dole gumba la kulia, yakahamia kushoto. Kwa hiyo mkono mzima peke yake unatosha kuendesha. Ila kuna baridi sasa! Kisarawe kule juu, kwenye kilima wanachorushia, mwezi wa saba, upepo wa kusi unakuta mtu amesimama ukingoni, mkono uliolala unakakamaa unauma, na vidole vya ule mzima navyo vinaingia ganzi. Hajira akachukua blanketi la zamani la binti yao Zuwena, la bodingi, akashona mfuko. Rimoti inakaa ndani, mikono inaingilia pembeni kwenye mikono miwili ya lastiki kama ya sweta, na juu akaweka dirisha la nailoni ngumu ili Kibwana aone anachobonyeza. Ndani flana tupu. Akaumaliza Ijumaa mchana, akajisifia mwenyewe kimoyomoyo.

Jumamosi wakapanda kirikuu cha Calist, kile kipikapu chake kidogo, Hajira na Kibwana mbele, ndege nyuma imefungiwa kwenye godoro la mtoto. Kufika kilimani, nyasi zote zimelala upande mmoja. Kibwana ana koti mbili. Hajira ana koti, sweta, na khanga juu ya kofia ya sufu.

"Hii ndiyo mnaita baridi?" Calist akacheka, yuko na tisheti. "Njooni kwetu Rombo mkaone."

"Shem, ungekuwa unaipenda hiyo Rombo usingehamia Mbwawa," Hajira akamjibu.

Wakamuwekea Kibwana kiti cha plastiki, akakikataa. Atasimama. Mkono wa kushoto ukaingia vizuri kwenye mfuko. Wa kulia ukafika kwenye lastiki, ukagoma. Hajira akavuta. Ukagoma. Vidole vimejikunja ngumi, havipiti.

Kumbe Hajira hakupima! Fundi wa miaka ishirini, vipimo vya mumewe viko kichwani: mabega, kifua, kiwiko, kifundo. Alikata tu kwa mazoea, na kichwani kwake ule mkono ulikuwa bado unafunguka.

Kibwana akaangalia pembeni. "Basi. Calist... chukua."

Calist hakusogea. Alijifanya anafunga kamba ya kiatu, na alivaa ndala.

Hajira hakubishana wala kubembeleza. Akakunja mkono wa koti, akapitisha mkono wake wa kulia kwenye ile nafasi ya kulia, akaikamata rimoti kwa chini. Ikabidi wasimame bega kwa bega, wamebanana, kama watoto wawili walioingia kwenye sweta moja.

"Mimi nabeba," akasema. "Wewe endesha."

"Nani... anarusha?"

Swali zuri! Wote wakamgeukia Calist.

"Shem, usitupe," Hajira akamwambia. "Subiri shavu lisikie upepo umetulia, ndiyo usukume."

"Shavu langu lina ndevu, halisikii kitu!"

"Basi tumia pua. Ipo ya kutosha."

Calist akainyanyua ndege. Kibwana akasogeza dole gumba. "Kushoto," akasema, na Calist akaangalia kile kipande cha nyuma ya bawa kinavyonyanyuka, akaitikia, "Kushoto sawa." "Kulia." "Kulia sawa." Upepo ukaja. Calist akaitupa. Akaitupa kabisa!

Ndege ikachomoka pua chini, ikazama nyuma ya ukingo. Dole gumba la Hajira lilikuwa karibu kabisa na la Kibwana, lingeweza kusukuma, na kila mfupa wa mwili wake ulitaka kusukuma. Hakusukuma. Aliishika rimoti isitikisike, basi.

Sekunde moja. Mbili.

Bawa jeupe likaibuka mbele yao, likapanda, likapanda, mpaka ikabidi waegemeze vichwa nyuma. Kibwana akaizungusha kushoto, akachelewa, akairudisha. Mara ya pili hakuchelewa. Pua zinavuja, machozi ya upepo yanawatoka wote wawili, hakuna mwenye mkono wa kufuta. Hajira akasikia bega linalomgusa linatikisika, akageuka kwa hofu. Alikuwa anacheka! Kwa upande mmoja wa mdomo, lakini anacheka.

"Inapanda," Kibwana akasema. "Mama Zuwena. Ina... panda."

"Naiona."

Kutua sasa ndiyo balaa. Kibwana aliizungusha ije nyuma yao ishuke kwenye nyasi, ikashuka kwa pupa, ikabiringika, paa! Calist akakimbia, akarudi nayo kifuani, bawa la kushoto limeachia.

"Pole kaka. Imevunjika," akasema kwa sauti ya msibani. "Basi mimi nitaenda nayo, nikaitengeneze kule kwangu..."

"Ndege ya nani?" Kibwana akauliza.

Calist akaigeuza ndege waone palipoachia.

"Bawa hilo lina... mti ndani, mti umeteleza. Gundi ipo nyumbani. Tunakausha siku mbili, Jumamosi... tunarudi." Kibwana akapumua. Hakuwa amesema maneno mengi hivyo kwa mkupuo tangu mwezi wa kumi. "Na wewe, umetupa."

"Upepo kaka, upepo ulinisukuma!"

"Umetupa. Kama kuku."

Hajira alicheka mpaka miwani ikaanguka kwenye nyasi, na hakuweza kuiokota kwa sababu mkono wake mmoja ulikuwa bado mfukoni na mwingine umemshika mume kiunoni asiyumbe. Calist ndiye aliyeinama. Akaiokota miwani, kisha akaiweka ndege chini, taratibu, miguuni pa mwenyewe, Kibwana.