Vuta Pumzi, Usipumue

Kwa miaka thelathini na mmoja alipiga watu picha bila kujali sura zao. Alikuwa mpiga eksirei katika hospitali ya mji, na kwake binadamu alikuwa nyonga, kiwiko, au kifua chenye kikohozi kisichoisha. Mtaani walimwita Vuta Pumzi, kwa sababu hakuna aliyepita chumbani mwake bila kuambiwa maneno hayo. Alipostaafu, binti yake alimletea kamera ya dijitali, ile ya kubadilisha lenzi.

"Baba, umepiga watu kwa ndani vya kutosha," alimwambia. "Sasa wapige kwa nje."

Kitabu cha maelekezo alikisoma kuanzia ukurasa wa kwanza, rula chini ya kila mstari. Siku ya tatu akamwita jirani yake, kinyozi, aje kupigwa picha ya majaribio sebuleni.

"Vua mkufu," alimwambia.

"Mzee, mkufu ndio urembo wenyewe."

"Vua. Na mkanda. Funguo weka mezani."

Kinyozi akavua, akabaki ameshikilia suruali kwa mkono mmoja. Vuta Pumzi akamgeuza kifua kielekee ukutani, akasita, akakumbuka, akamgeuza tena. "Vuta pumzi. Shikilia. Usitikisike." Kisha akategesha kamera ipige yenyewe baada ya sekunde kumi, akatoka, akafunga mlango nyuma yake. Mlio ulipokwisha akachungulia. "Haya, pumua."

Picha ilimwonyesha mtu aliyefura mashavu na kutoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Ulikwenda wapi?" kinyozi aliuliza huku akifunga mkanda.

"Nje."

"Sasa mbona wewe unakimbia na mimi unaniacha?"

Jioni habari ilikuwa imemfikia kila aliyeketi kwenye kiti cha kinyozi, na siku hiyo wateja walikuwa wengi.

Yote hayo angeyavumilia kama si ukuta wa ofisi ya mke wake. Mke wake, ambaye hata yeye mumewe humwita Mwalimu, alikuwa anastaafu ukuu wa shule ya msingi Ijumaa iliyofuata. Katika ofisi ile kulikuwa na picha za wakuu watatu waliomtangulia. Wa kwanza alionekana ameng'ata ndimu, wa pili amefumba macho, wa tatu amekatwa paji la uso. Nafasi ya nne ilikuwa na msumari tayari. Vuta Pumzi aliutaka msumari ule. Maelfu ya picha zake ziliingia katika bahasha za kaki, zikatazamwa dakika moja na daktari, zikaishia juu ya makabati ya watu. Hakuna hata moja iliyowahi kutundikwa.

"Nipe Jumamosi na Jumapili," alimwomba mkewe.

"Nakupa. Lakini Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa studio, na usininunie."

Jumamosi binti alikuja kumfundisha baba yake. Alimkalisha mama kando ya dirisha, mwanga umguse shavu moja zaidi ya jingine. Alimwonyesha baba namna ya kulenga jicho lililo karibu na lenzi, kwa kuwa jicho likiwa safi hata shavu likififia kidogo hakuna atakayelalamika. La mwisho alilisema polepole: "Na ubaki chumbani, Baba. Hii haina mionzi."

Alibaki. Ila alipomwomba Mwalimu avue hereni, alijibiwa kwamba aliolewa nazo na atazikwa nazo. Picha ya kwanza ilipotokea kwenye kioo cha kamera, hereni ilisomeka mpaka kijipindo chake, sikio lilikuwa safi, na mwenye sikio alikuwa ukungu.

"Miaka thelathini ya ndoa," Mwalimu alisema, "umeona sikio."

Akalenga jicho. Jicho likatoka vizuri, lakini kila mara alimwambia ashike pumzi, na Mwalimu aliyeshika pumzi alikuwa yule ambaye wanafunzi humwota wakiwa na homa.

"Baba, acha kumwamrisha."

"Nisipomwamrisha atatikisika."

"Mwache," Mwalimu alisema. "Mzoea punda hapandi farasi."

Jumapili binti hakuwepo. Hadi saa nne asubuhi walikuwa wamepiga picha arobaini na saba, na mwanga ulikuwa unaanza kuondoka dirishani. Mwalimu alitazama saa ya ukutani. Vuta Pumzi alijua kwamba ameshapoteza, na mtu aliyepoteza hurudi kwa anachokijua.

"Vuta pumzi. Shikilia."

Akabonyeza kitufe nusu. Lenzi ikaenda mbele, ikarudi nyuma, haikuliona jicho. Akasogeza kiti chake. Lenzi ikaenda tena, ikarudi. Mwalimu alikuwa bado ameshikilia, shingo imekakamaa, kifua kimejaa kama mto mpya.

"Basi," Vuta Pumzi alisema kwa kukata tamaa. "Pumua."

Mwalimu akashusha pumzi, mabega yakashuka nayo. "Baba watoto," alisema, na kicheko kikamshika katikati ya maneno, "siku moja utaua mtu."

Hapo lenzi ikaliona jicho. Kidole kikamalizia chenyewe.

Walitazama kwa pamoja. Mabega yalikuwa yamelala, mdomo ulikuwa umefunguka kidogo, na jicho lilikuwa safi mpaka dirisha lilionekana ndani yake. Mwalimu aliichukua kamera, akaisogeza karibu na macho.

"Hereni moja imepinda," alisema hatimaye.

"Nirudie?"

"Thubutu."

Jumatatu saa mbili Mwalimu hakwenda studio. Makamu wake alisema picha ya ofisini inapaswa kuwa na uzito kidogo. Mwalimu alimkumbusha kwamba mkuu ni yeye hadi Ijumaa, akamkabidhi nyundo agongee msumari vizuri.

Wiki iliyofuata kinyozi alirudi, amevaa shati jipya.

"Nimesikia siku hizi unapiga watu wakiwa hai," alisema. "Mkanda nivue?"

"Baki nao."

"Mkufu?"

"Baki nao. Vuta pumzi. Shikilia." Vuta Pumzi akalenga jicho, akangoja mabega yapande. "Pumua." Hapo ndipo alipobonyeza.

Kinyozi aliangalia kioo cha kamera, akaridhika, akageuka kuondoka, kisha akasimama na kupapasa mifuko yake.

"Funguo ziko mezani," Vuta Pumzi alimwambia. "Umeziweka mwenyewe."