Mifupa ya Baba, Damu ya Mama

Mpaka leo nikinusa gunia jipya la katani, husogea kando. Gunia la namna hiyo ndilo nililopimiwa. Kila mwezi, mnunuzi wa ufuta alipofika Zombo na mizani yake ya kuning'iniza, Bibi, mama yake baba, alinishika mkono akanipeleka uwanjani nipimwe kabla watu hawajajipanga na mizigo yao. Niliingizwa guniani miguu kwanza, gunia likatundikwa kwenye ndoano, nami nikabaki nikining'inia huku punje za ufuta zikinichoma nyayo. Nilikuwa na miaka tisa. Watoto wenzangu walicheka, na mnunuzi, mtu wa mzaha, aliuliza kama mzigo huu unauzwa kwa kilo au kwa debe. Bibi hakucheka. Alisogeza uso kwenye mizani ingawa kusoma hakujua, kisha akataka atajiwe uzito wangu mara mbili.

Kisa chenyewe ni kwamba nilizaliwa na kilo mbili kasoro. Kwetu wazee husema mifupa ya mtoto hutoka kwa baba na damu hutoka kwa mama, na Bibi aliishikilia kauli hiyo kama mpini wa jembe. Mifupa yangu ilikuwa ya kwao, haina kasoro. Kilichopunguka ni damu. Alisema mama alipokuwa na mimba yangu alikula udongo badala ya chakula, akaninyima nikiwa bado tumboni. Maneno hayo yalisemwa kisimani, yakasemwa shambani, yakasemwa hata msibani, mpaka mama yakamshinda. Alifunga virago akaenda Mikumi kuwapikia madereva wa malori kando ya barabara kuu. Alitaka kunichukua, lakini kikao cha ukoo kikaamua nibaki kwa Bibi mpaka ninenepe. Asiyekuwapo na lake halipo, na mama siku hiyo hata kualikwa hakualikwa.

Basi nikajua kwamba kati yangu na mama kuna mizani. Niwe mzito, niende. Bibi alinipikia uji asubuhi, mchana na jioni, sukari vijiko vitano, na miwa ya bondeni juu yake, maana aliamini utamu ndio unaojaza damu. Niliunywa mpaka nikatapika, nikaenda nyuma ya nyumba kulia peke yangu, nikarudi nikaomba mwingine. Sikuwa na wa kucheza naye. Wenzangu walikuwa wamenipachika jina la Kiroba. Mara moja nilificha mawe mawili ya mtoni kwenye mifuko ya gauni. Mnunuzi aliyasikia yakigongana, akayatoa mbele ya umati. Bibi alitikisa kichwa akasema, kwa huzuni ya kweli kabisa, kwamba hata uongo ule ulitoka kwenye damu ya mama. Jamani, niliona aibu ambayo sijaiona tena.

Baba alikuwa fundi mwashi Kilosa mjini, mtu mwembamba asiye na maneno mengi, akija kila Jumapili kwa baiskeli. Mwaka ule alianza kunywa maji kwa namna ya ajabu. Alimaliza mtungi mzima, akatoka nje, akarudi akaomba tena. Pale alipojisaidia sisimizi walijaa, nami nilichuchumaa nikawatazama, kwa kuwa hata sisimizi ni wenzi kwa asiye na mwenzi. Nilimwambia Bibi, akanionya nisiseme mambo ya watu wazima. Kidonda alichokipata mguuni kazini kiligoma kupona. Mficha maradhi kifo humuumbua: alipofikishwa hospitali, sukari ilikuwa imemmaliza, na masika hayakumkuta. Baada ya arobaini mama alikuja, akakunja nguo zangu kwenye khanga yake, tukaondoka. Hakuna aliyeuliza nina kilo ngapi.

Mwaka jana, nikiwa na miaka thelathini na minne na mtoto mchanga mgongoni, niliambiwa nami nina kisukari. Daktari, mama mmoja mpole, aliniuliza nilizaliwa na uzito gani. Nilidhani ananitania. Akanieleza kwamba mtoto tumboni hukua kwa msaada wa insulini, kichocheo kinachoratibu sukari mwilini, anayoitengeneza mwenyewe. Akirithi vinasaba vinavyoitengeneza kwa uchache, anaweza kuzaliwa mdogo, na vinasaba hivyohivyo vikamletea kisukari ukubwani. Si kila mdogo huugua, alisema, na sababu za kuzaliwa mdogo ni nyingi. Lakini vinasaba hivyo vinaweza kutoka kwa mama au kwa baba vilevile. Akauliza: baba yako je, alizaliwa na uzito gani?

Nikaenda Zombo. Bibi sasa haoni vizuri. Alinijua kwa sauti nilipomwamkia shikamoo. Nilimuuliza swali la daktari. Alipapasa ukingo wa mkeka.

"Baba yako nilimlea kwenye ungo," alisema. "Nilimzungushia pamba. Mguu wake ulipita kwenye bangili yangu. Nilimfungia ndani miezi mitatu watu wasimwone, maana nilijua watakavyonisema."

"Kisha ukamsema mama yangu."

"Nikamsema," alijibu. Nilikuwa nimemkasirikia kiasi cha kushindwa kumshika mkono. Kumbe mwanamke huyu aliyenining'iniza kila mwezi alikuwa akijificha nyuma ya gunia langu muda wote ule.

Kutoka Zombo nilikwenda moja kwa moja Mikumi. Siku hizi najichoma kidole kila asubuhi, na kimashine kidogo kama kiberiti kinanisomea sukari yangu kwa tone moja. Mwanangu anapimwa zahanati kwenye mizani safi, na nesi anamwandika bila kumsema mtu. Utoto wangu haukuwa na vitu hivyo, lakini sivyo ninavyovililia. Ninachokililia ni ule mwaka nilioutumia nikijaribu kuwa mzito ili nistahili mama, naye huku akiwapikia wageni na kuamini, usiku na mchana, kwamba aliniharibu.

Nilimkuta mama akichagua mchele. Nilimweleza yote, ya daktari na ya ungo. Mikono yake ikasimama.

"Amesema mwenyewe? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake, mama."

Aliweka sinia chini, akajifuta uso kwa ncha ya khanga, akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyekaa kwenye kikao cha ukoo siku ile.

"Nilikuwa nakula, mwanangu," alisema. "Nilikuwa nakula."