Mwito wa Kutoka Porini

Siku yangu ya kwanza ya kufundisha historia, katika shule moja ya mtaa wa Kabondo, prefe, yaani mkuu wa shule ya sekondari, alinipa chaki tatu na kunionya: "Prof, usisome kitabu sawa padiri kwenye misa. Batoto batalala."

Somo lilikuwa Wamongolia walipovamia ufalme wa Hungaria. Nilieleza kwamba mfalme alitegemea Mto Danubi umzuie adui, lakini baridi ikaja, maji yakaganda, farasi wakapita juu yake. Darasa zima likacheka.

"Prof, muto ikakuwa nguvu? Na pirogi ya bavuvi itapita wapi?"

Mimi mwenyewe sikuwahi kuona barafu zaidi ya ile ya kupozea bia. Niliwaacha wacheke.

Siku hizo kila somo liliandikwa kwanza kwenye fishi, karatasi ya maandalio yenye lengo la somo juu kabisa. Inspekta akija, anaidai hiyo hata kabla ya salamu. Lengo langu la somo hilo halikubadilika mwaka hadi mwaka: mwanafunzi aeleze yaliyowapata raia. Wengi walijificha misituni. Adui akawatangazia watoke, wavune mashamba yao, kila mtu arudi kwake. Wakatoka, wakavuna. Mavuno yalipokwisha, wakauawa. Hapo hakuna aliyecheka.

Kisha vita vikaingia mjini kwetu, na watu wakakimbilia porini. Risasi ziliponyamaza, prefe alinituma ng'ambo ya mto niwaombe wazazi warudishe watoto shuleni. Nilimkuta mama wa mwanafunzi wangu Ramazani akimenya mihogo. Nikamwambia amani imerudi. Hakuinua macho.

"Prof, ni weye ulifundisha mutoto yangu ile mambo ya Hongrie. Batu baliitwa, bakatoka, bakakufa. Bon. Leo unakuya kutuita. Batoto yako iko wapi?"

Wanangu wawili walikuwa bado kwa koko yao, bibi yao mzaa mama, ndani kabisa ya pori, na nilikuwa nimepanga wabaki huko.

Prefe aliposikia, hakufoka. Alifuta miwani yake taratibu. "Alors, prof. Kama weye haukubali kuleta batoto yako, nani atakubali?"

Nikaenda kuwachukua. Mke wangu alitangulia njia nzima, amewashika wote wawili mikono. Jumatatu wakaketi benchi la mbele, peke yao, hata yule mdogo ambaye mahali pake palikuwa shule ya msingi. Nilifundisha huku sikio langu liko barabarani. Niliogopa sana, sifichi. Wiki haikuisha kabla Ramazani hajaingia, mama yake amesimama mlangoni akihesabu vichwa vya wanangu kwa macho. Baada yake wakaja wengine.

Baadaye nilihamishiwa mtaa wa Tshopo, nikawa mkurugenzi wa masomo, na huko ndiko nilikostaafia. Walimu vijana huniuliza wafalme wa Ulaya watatusaidia nini hapa. Huwa nawajibu wafundishe tu, ila wakumbuke kwamba yale wanayoyasema darasani yanafika nyumbani kwa watu.

Juzi binti yangu, ambaye sasa ana watoto wake, aliniuliza tukiwa mezani:

"Papa, ile siku ulituleta, ulijua vita imeisha?"

"Hapana, mama."

Akamvuta mwanawe karibu, akaendelea kumtolea miiba ya samaki.