Kioo cha Mbele cha Pikapu ya Baba

Nilimwahidi dada yangu Kagendo kwamba siku nitakapoandika habari za pikapu ya baba, sitamfanya yeye malaika wala baba mjinga. Nitajitahidi. Ila sikumwahidi kwamba nitaacha kumwonea wivu, kwa sababu wivu huo ninao hadi leo, na elimu yote ya chuo haijaupunguza.

Ninyi tuliokulia pamoja kwenye miteremko ya juu ya Meru mtaukumbuka ukungu wa Julai. Ulishuka kutoka msituni alfajiri ukalala juu ya mashamba ya chai, hata ng'ombe aliyefungwa karibu na jikoni tulimtambua kwa sauti ya kutafuna tu. Tulikwenda shule tukinuka moshi wa kuni mbichi, kila mmoja na kiazi cha kuchoma mfukoni, kilichotupasha mikono joto njiani na kutushibisha saa nne.

Magari kijijini yalikuwa machache, na wenye nayo walikuwa na ibada yao ya pili kila Jumapili. Watu wakishatoka kanisani na kusalimiana, wao walisogea kando, wakaegemea boneti zao na kulalamikia vioo vya mbele. Karani wa kiwanda cha kahawa alisema waipa zake zinaipigia mvua makofi badala ya kuipangusa. Mwalimu mkuu alikuwa na ufa ulioletwa na kokoto ya lori, akaupima kwa shubiri kila wiki kama mzazi anayetazama mtoto akirefuka. Baba aliwashinda wote. Kioo chake, alisema, kina ukungu hata jua likiwaka. Akishuka mchana soko la Ishiara, kule chini kwenye joto, kinameta hadi machozi yanamtoka, na jioni taa za malori zinatawanyika juu yake kama utando wa buibui.

Wenzake walimshauri dawa ya kwetu: kata kiazi kibichi, kipake kioo, uache ute ukauke, na mvua itateleza yenyewe. Baba alipaka nje, akapaka na ndani, hadi mama akasema kwamba gari sasa linakula viazi kuliko watoto. Watoto ambao baba zao hawakuwa na magari walitusikiliza kwa kijicho tulipoyasimulia hayo. Kwao hata ufa ulikuwa mali. Nami nilikuwa na kijicho changu, nacho kilihusu kiti.

Siku za soko wakati wa likizo, baba alipeleka viazi na kabichi Ishiara na kurudi na ndengu. Kagendo aliketi mbele. Mimi nilikaa nyuma, chini ya turubai, juu ya magunia. Tulipoteremka, baridi ilituacha polepole, harufu ya udongo mbichi ikageuka ya vumbi la moto, na muda wote huo nilisikia kupitia kidirisha cha nyuma jinsi baba alivyomfundisha dada yangu kusoma.

"Kagendo, soma kile kibao."

Naye alisoma: bucha, hoteli, kanisa, daraja. Alisoma polepole, akichanganya na maneno mengine yasiyohusika, kwamba kuna mbuzi kushoto, kuna mama mwenye kuni, kuna kona. Roho iliniuma. Mimi ndiye niliyekuwa nikiongoza darasani! Niliweza kusoma ukurasa mzima wa gazeti la kufungia nyama kabla yeye hajamaliza mstari. Kwa nini afundishwe yeye?

Nililalamika kwa mama mpaka akachoka. Safari iliyofuata alimwambia baba kwamba na mimi pia ni mtoto wake. Kagendo alikataa kushuka kutoka kiti cha mbele, jambo lisilokuwa desturi yake, hadi mama akamshika mkono na kumpeleka nyuma. Nilipanda nikiwa nimevimba kwa fahari.

Nilisoma vizuri sana. Kila kibao nilikitamka kabla baba hajauliza, na baba akasema, "Vizuri, mwanangu, endelea." Tulipokaribia Ishiara, jua likitupiga usoni, mkokoteni wa punda ulikuwa unavuka barabara. Niliuona. Sikuutaja, kwa kuwa haukuwa umeandikwa kitu.

Ndipo paa likagongwa kwa ngumi na Kagendo, aliyekuwa akichungulia kupitia kidirisha cha nyuma, akapiga kelele, "Baba, punda!"

Baba alikanyaga breki. Magunia yaliporomoka, pikapu ikakwaruza gurudumu la mkokoteni na kusimama. Punda hakuumia. Mwenye punda alikuja dirishani.

"Mzee, kwani mimi ni moshi?"

"Ni kioo hiki," baba alisema. "Nisamehe. Kioo hiki kitaniua."

"Basi nunua kingine. Mimi sina punda mwingine."

Baba alinunua kingine. Fundi wa mtaa wa Majengo alikitia, nasi tulikizunguka tukiogopa hata kukipumulia. Jumapili wenye magari walikikusanyikia kwa wivu usiofichika, na mwalimu mkuu akasema mtu anaweza kunyoa ndevu mbele yake. Walimngoja baba ajisifu. Baba alikitazama kwa muda mrefu, akakipangusa kwa leso yake, akakipangusa tena.

"Hata hiki kina ukungu," alisema.

Mama alisogea karibu naye, akazungumza kwa sauti ndogo ambayo sote tuliisikia.

"Baba Kagendo. Kioo ni kipya."

Daktari alikuta mtoto wa jicho pande zote mbili. Jicho moja lilipasuliwa likaona tena. La pili, alisema, lilikuwa na ugonjwa mwingine uliojificha nyuma yake, nalo lilikuwa limechelewa mno. Baba aliuza pikapu bila kulalamika.

Kagendo aliniambia baadaye kwamba hakuwahi kuambiwa siri yoyote. Siku moja tu baba alisalimia kisiki kando ya barabara akidhani ni jirani, na tangu hapo dada yangu akaamua kumtajia kila kitu kilichokuwa mbele. Wivu wangu sasa ni juu ya hilo. Tulimpenda baba mmoja, tukala chungu kimoja, lakini yeye alimwangalia na mimi nikaangalia vibao.

Siku hizi magari yana waipa zinazojiwasha zikihisi tone la kwanza, na vijana hulalamika kwenye makundi ya simu kwamba kioo kimepata alama ya kidole. Wengine wametundika mapambo mengi mbele hata dereva anachungulia kama kuku kizimbani. Nawaonea wivu vioo vyao, na zaidi macho yao mazima, wanayoyatumia kutazama simu huku barabara ikipita. Baba angelipata hata siku moja ya kuuona mlima kwa macho yote mawili kupitia kioo cha namna hiyo, asingelisema neno hadi Embu.

Msomaji, nakuomba jambo moja. Mzazi wako akianza kusema taa zinatawanyika au mchana una ukungu, usibishane naye na usimnunulie kitu. Mpeleke akapimwe macho, yote mawili, wiki hii.