Nusu Sahani ya Mjamzito

Fundi makochi huyu watu walimwita Kimbaumbau, na jina lilimkaa hasa. Mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, lakini akisimama kiubavu humwoni. Basi siku alipoambiwa ana ugonjwa wa sukari, karakana nzima iliangua kicheko. Sukari? Huyu? Si ugonjwa wa wenye vitambi huo? Hata yeye alicheka, ila kicheko cha kujikaza.

Daktari hakucheka. Alimuuliza alizaliwa na uzito gani.

"Nilikuwa kiduchu," akasema Kimbaumbau. "Mama hujisifia mpaka leo. Alijinyima kula ili nitoke mwepesi."

Daktari, mama mmoja mpole, akaweka kalamu chini. "Fundi, mtoto akishinda na njaa tumboni, mwili wake hujifunza kubana matumizi. Baadhi ya viungo hata havikui sawasawa. Akija kula vizuri ukubwani, sukari inaweza kumshinda, hata kama ni mwembamba. Siwezi kuapa kwamba ndicho kilichokupata wewe. Lakini huchangia."

Kimbaumbau alitoka pale roho juu juu, na wala hakuwa akiwaza sukari yake. Nyumbani mkewe alikuwa na mimba ya miezi sita, na nani aliyekuwa akimpakulia? Mama yule yule! Alikuja kumtunza mkwe wake, akashika mwiko, hakuuachia tena. Nusu sahani mchana, nusu sahani jioni. "Mtoto mdogo hakutesi siku ya kujifungua, mwanangu." Na mke, kwa adabu zake, akiitikia "Ndiyo, mama," huku macho yamebaki kwenye sufuria.

Wiki ile kazini hakukukalika. Alipigilia kitambaa cha kochi la watu ndani nje, mwenye kochi akaja akauliza kama huo ndio mtindo mpya. Akajigonga kidole kwa nyundo. Kila akitaka kusema, anaogopa. Utamwambiaje mama mzazi kwamba jambo analojivunia ndilo huenda limekuponza? Akawa anazungukazunguka tu. Alinunua mayai, mama akayachemsha, mke akapewa nusu yai. Jamani, nusu yai! Akasema daktari ameagiza mjamzito ashibe, mama akabetua midomo. "Daktari! Kwani kazaa wangapi huyo?"

Jioni moja mke akarudi kutoka kliniki kanyong'onyea. Uzito haukupanda tangu mwezi uliopita, na wauguzi wamesema mtoto hakui inavyotakiwa.

"Si ndiyo vizuri?" mama akasema, huku akimpakulia mkwe kijiko cha pili na cha mwisho. "Atateleza tu huyo."

Kimbaumbau akalipuka. "Mama, mpe ashibe! Hii sukari yangu huenda nilianza nayo tumboni mwako, kwa njaa! Unataka na mwanangu aje kuugua kama mimi?"

Mke akainamisha kichwa. Mama alibaki na mwiko mkononi.

"Kwa hiyo ni mimi?" akauliza.

Kimbaumbau alitaka kusema hapana. Alitamani ardhi ipasuke immeze, maana alimpenda mama yake kupita kiasi na sasa amemuumiza mbele ya mkwe.

Mama akakaa taratibu. "Nani aliyejinyima? Chakula hakikuwepo, baba. Marehemu baba yako alikuwa hana kazi, na mimi sikutaka majirani wamcheke. Wakiniuliza mbona huli, nawaambia nataka mtoto mwepesi. Nikafunika kombe. Nimelisema hilo miaka nenda miaka rudi, mpaka nikaja kuliamini mwenyewe."

Mama akainuka, akaivuta sahani ya mkwe, akapakua mpaka ikafurika. Wali ukamwagika mezani.

"Kula, mwanangu," akamwambia. "Kula ushibe. Mimi nilikuwa na njaa. Wee! Nilikuwa na njaa mimi!"