Rafu Tatu za Bi Futa

Pale karakana ya miguu ya bandia walimwita Bi Futa, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Yeye ndiye aliyetunza kompyuta. Mara kwa mara alichagua moja, akawaita wote, akafuta mfumo wake wote mbele ya macho yao, bila kubakiza kitu. Waajiriwa wapya walishika vichwa. Wenyeji waliendelea kunywa chai, maana walijua sheria yake: kila mashine ina rafu tatu. Ya kwanza ni mfumo, na huo hata ukiharibika leo unawekwa mwingine. Ya pili ni mipangilio, yaani jinsi kila mtu anavyotaka mashine imtii. Ya tatu ni kazi ya watu. "Mwenye kitu chake kwenye rafu ya kwanza," alikuwa akisema, "asije kunililia mimi."

Kusema kweli, alizaliwa hivyo. Tangu mdogo alikuwa akizipanga upya nyundo za baba yake, akifukuzwa anarudi. Hata mumewe alishajifunza kwamba chumvi haikai kabati moja na sabuni.

Karakana ilianzishwa na baba yake pamoja na baba yake mdogo, kwenye chumba kimoja chenye msumeno mmoja. Baba alipofariki, kiti cha bosi kilikaliwa na mdogo wake Bi Futa. Baba mdogo alibaki fundi, ila macho yalikuwa yanamwishia. Ndiyo maana, tangu iletwe programu mpya ya mashine ya kuchonga, alikuwa akiingiza humo kila kitu ambacho vidole vyake vilijua: huyu legeza hapa, mfupa unamchoma, yule anashinda amesimama, mbane kidogo kwa nyuma. "Nikimaliza kuyaweka," alisema, "hata nikipofuka, watu wangu hawataumia."

Kompyuta ya mashine hiyo ndiyo pekee ambayo Bi Futa alikatazwa kuigusa, kwa sababu ya dhamana ya matengenezo aliyoitoa muuzaji wake. Akavumilia, kwa shida. Mpaka muuzaji alipopiga simu kwamba kuna toleo jipya, na la zamani liondolewe kwanza.

"Na masahihisho ya baba mdogo yanakaa wapi?" akauliza.

"Ndani ya programu, mama. Usijali."

"Ndani wapi?"

"Mtumiaji hana haja ya kujua."

Weee! Hapo ndipo muuzaji alipomwasha Bi Futa. Alikata simu akaenda moja kwa moja ofisini kwa mdogo wake.

"Dada, achana nayo," bosi akamwambia. "Ukigusa mafaili yao, dhamana imekufa. Ile mashine ikiharibika nitaitengeneza na nini?"

"Na hayo ya baba mdogo yakipotea, utayatengeneza na nini?"

"Wamesema hayapotei."

"Haya, yako wapi?"

Bosi hakuwa mtu mbaya, aliiogopa tu ile mashine, na alikuwa na haki ya kuiogopa. "Ukiigusa nakuandikia barua ya onyo," alisema mwishowe. "Dada au si dada."

"Iandike. Tena usisahau tarehe."

Hakufanya kwa kificho. Kesho yake, mchana kweupe, mlango wazi, aliwaita wote kama kawaida yake. Kwanza alichukua nakala ya diski nzima. Hilo hakuwahi kuliruka maishani. Akahamishia folda ya programu rafu ya tatu. Kisha akafuta, akaweka mfumo mpya na programu mpya, akaielekeza kwenye folda ile, akafungua. Majina ya wateja yakaja. Vipimo vikaja. Baba mdogo akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Masahihisho yangu mbona siyaoni?"

Hayakuwepo. Kila kitu kilikuwa kama kilivyotoka kiwandani.

"Umeona!" bosi akapaza sauti. "Dada, umeona ulichofanya!"

Bi Futa aliogopa, tena sana. Lakini mikono haikusimama. Alifungua ile nakala, akapekua rafu ya kwanza folda kwa folda, hata zile zilizofichwa. Akayakuta. Yalikuwa chini ya akaunti ya yule mtu wa muuzaji aliyekuja kuweka programu siku ya kwanza. Mashine ilikuwa ikifunguliwa kwa akaunti yake tangu siku ile. Kazi yote ya baba mdogo ilikaa kwenye jina la mtu ambaye hajawahi kumvisha mtu yeyote mguu. Na maelekezo ya toleo jipya, hatua ya kwanza kabisa, yalisema: futa akaunti hiyo.

"Kwa hiyo yangefutika," bosi akasema polepole.

"Yangefutika, na dhamana yako ingali hai."

Alitengeneza folda rafu ya tatu, akaipa jina la baba mdogo, akayaweka humo, akaiambia programu iyatafute hapo. Onyo likatokea kwenye kioo.

"Nisomee, binti yangu," baba mdogo akasema.

"Linasema ukibadilisha mahali pa kuhifadhi, dhamana inakwisha."

"Kitufe kipi?"

Bi Futa alikichukua kidole cha baba mdogo, akakiweka juu ya kitufe. Mzee akabonyeza mwenyewe, kwa nguvu. Kisha akageukia upande alikomsikia bosi akihema.

"Zile barua za onyo, mwanangu, ziwe mbili. Na yangu iandike kwa herufi kubwa."