Kanisa Lililotazama Kibla

Ilikuwa saa moja kasorobo asubuhi mwalimu wetu wa dini aliposimama mahali pa madhabahu, akahisi jua linampiga shavu la kulia. Kanisa letu la mbao, huko bara ya Lindi, lilikuwa limebakiza paa tu. Nguzo za mti wa mkongo zilikwisha kuchimbiwa, kenchi za kubebea paa zimepandishwa. Madhabahu ilitakiwa iwe mashariki. Ilikuwa kaskazini.

"Fundi," aliita, "mbona jua linatokea ubavuni?"

Fundi, mzee wa Rasbura mjini Lindi, alikuwa juu ya kenchi. "Hilo jua la Mungu, mwalimu. Mimi sikulipangia njia."

Tulicheka. Kisha tukaacha.

Fundi alikuwa Mwislamu na maisha yake yote alijenga misikiti. Vigingi vya msingi alivielekeza kibla, ambayo kwetu ni kaskazini, kama mkono ulivyozoea. Nasi, wengi tuliozaliwa katika nyumba za Waislamu, tulivipita vigingi vile kila siku tukaona viko sawa. Hata mimi niliyekuwa nikimshikia kamba sikuona kasoro.

"Ungeuliza," mwalimu alimwambia.

"Niulize nini? Nyumba ya ibada ina mielekeo mingapi?"

Kung'oa nguzo kungezipasua, na mvua ilikuwa karibu. Wazee wa kanisa wakaamua madhabahu ihamie katikati ya ukuta mrefu wa mashariki, na mabenchi yageuzwe. Lakini nguzo moja ya safu ya kati ilisimama mbele yake hasa. Fundi aliikata, akalaza boriti nzito juu ya nguzo mbili za jirani ili ibebe mzigo wake, kisha akatoboa dirisha ukutani juu ya madhabahu ili jua la asubuhi liingie. Kazi hiyo hakuidaia malipo. Jioni mikono yake ilikuwa haiwezi kuinua kata ya maji. Ndiyo maana kanisa lile ni pana kuliko lilivyo refu, na wanaokaa pembeni humwona padri sikio moja tu.

Paa lilipokwisha, fundi alikuja kuchukua ujira wake. Makuti ya nyumba yake yalikuwa yameoza, na tangu siku ya kwanza alitwambia fedha hiyo ni ya kuezekea kabla ya masika. Tulipatana shilingi sitini.

"Akatwe ujira," mzee mmoja wa kanisa alisema. "Ametuharibia."

"Shikilieni haki, wazee," nilisema. "Kosa ni la wote."

"Wewe umeajiriwa na nani?"

Fundi alijifuta jasho. "Nimejenga kanisa, nikalijenga tena. Kazi ya watu wawili, mnalipa nusu mtu?"

Mzee yule alikwisha kuanza kuhesabu fedha. Nami nilikuwa nimechoka kubishana. Alipewa thelathini na tano, akafunga patasi zake katika gunia, akaondoka kwa miguu kurudi kwake Rasbura. Mvua ilianza kabla hajafika. Kanisa liliokoa shilingi ishirini na tano.